Kalamu au mausi: ulinganisho kwa mhariri wa picha za harusi

Ukitaka kujua kama inafaa ununue tableti ya kuchorea au ubaki na mausi yako, usianze na bei wala namba zilizoandikwa kwenye boksi. Anza na saa zako: zinaishia wapi? Mpiga picha anayerudi na picha 1,500 za harusi, akazichambua, akasawazisha mwanga na rangi, akakata pembeni na kukabidhi albamu, kutwa nzima anachagua na kuvuta slaida, vile vitelezi vya kuongeza na kupunguza mwanga au rangi. Anayekaa nusu saa na picha moja ya bibi harusi, akishughulika na ngozi, shela na piko, huyo anapaka. Zote tunaziita kuhariri, lakini ni kazi mbili.

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa kuchagua na kuvuta slaida, mausi ni bora. Kwa kupaka ngozi, nywele na kitambaa chepesi, kalamu ni bora kwa mbali, na mahali ninapouona ubora huo waziwazi kuliko pote ni kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo anayehariri harusi za kwetu ana sababu ya ziada ya kuifikiria kalamu.

Tableti ninayoizungumzia ni ule ubao mwembamba usio na kioo, unaochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kuja na kalamu yake. Zipo zenye kioo, kama Cintiq ya Wacom na Kamvas ya Huion, ambazo unapaka juu ya picha yenyewe. Ni nzuri, hasa kwa mchoraji anayeanza na karatasi tupu, ila bei yake iko juu sana, na kwa kuhariri picha iliyokwisha kupigwa sijaona zinapohitajika.

Mkono unaiambia nini kompyuta

Mausi ilibuniwa kwa ajili ya kuelekeza. Douglas Engelbart alipoionyesha hadharani San Francisco, Desemba 1968, shabaha yake ilikuwa mtu aweze kufikia kitu kilicho kwenye skrini na kukichagua. Kazi hiyo inaifanya vizuri mpaka leo. Inachoiambia kompyuta ni mambo mawili tu: nimesogea kiasi hiki kutoka nilipokuwa, na kitufe kimebonywa au hakijabonywa. Ukiiinua na kuiweka upande mwingine wa meza, kishale kinabaki palepale.

Kalamu ina habari nyingi zaidi. Kila nukta ya ubao ina nukta yake kwenye skrini, kwa hiyo ukiigusisha kona ya juu kulia, kishale kiko kona ya juu kulia, bila safari ya katikati. Na juu ya hapo inasoma uzito wa mkono. Mchoraji wa piko akibana koni kidogo mstari unakonda, akiibana zaidi unanenepa, na hasimami katikati ya ua kwenda kubadilisha kitu chochote. Brashi ya kompyuta chini ya kalamu inafanya hivyohivyo: ukigusa taratibu rangi inapita kama ukungu, ukikandamiza inakolea, na yote hayo ndani ya mpigo mmoja. Mausi haina kitu hicho. Kwake brashi ama inapaka ama haipaki, na kiwango ni kile ulichokiweka kabla hujaanza.

Kampuni ya Kijapani ya Wacom, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoeneza kalamu zisizo na betri. Ubao hutoa mawimbi hafifu ya sumakuumeme, koili iliyomo ndani ya kalamu huyapokea na kuyarudisha, na ubao ukajua kalamu iko wapi hata ikiwa imeinuliwa karibu sentimita moja juu yake. Siku hizi Huion, XP-Pen na Gaomon nao wanatengeneza za namna hiyo. Ukikutana na tableti ya zamani inayodai betri kwenye kalamu, iache. Kalamu hiyo ni nzito, na betri itakwisha siku unayokabidhi kazi.

Ngozi ya bibi harusi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kwenye ngozi nyeusi, umbo la uso hubebwa sana na mng'ao: kwenye paji, juu ya mashavu, kwenye mgongo wa pua, kwenye mifupa ya mabega. Ukumbini kuna joto, bibi harusi ana poda na fondesheni, jasho linatoka, na flashi ya kamera inakuja moja kwa moja. Mng'ao uliokuwa mzuri unageuka mabaka meupe. Kazi ya mhariri ni kuyashusha mabaka hayo bila kuufuta mng'ao wote, kwa sababu ukiufuta uso unabaki bapa na wa kijivu, na mwenyewe akiiona picha atajua kuna kilichoharibika hata kama hawezi kukitaja.

Ukifanya kazi hiyo kwa mausi, brashi inaweka kiwango kilekile kuanzia katikati ya baka hadi ukingoni. Ukingoni ndipo panapoumbuka, maana unapatikana mpaka: huku ngozi iliyopakwa, kule isiyopakwa. Ili kuuondoa unapunguza nguvu ya brashi, unapita tena kwa brashi kubwa zaidi, unapita tena. Kwa kalamu mkono wenyewe unalegea ukifika ukingoni, bila hata kufikiri, na mpaka hautokei. Ndivyo ilivyo pia kwa weusi wa chini ya macho, makovu ya chunusi, na mikunjo midogo ya mdomo ambayo hutaki kuifuta bali kuilainisha tu.

Kuna jambo jingine la harusi zetu ambalo kila mhariri analifahamu: uso umepakwa fondesheni nyepesi kuliko shingo. Kwenye picha tofauti hiyo inaonekana mara mbili ya ilivyokuwa kwa macho. Njia yangu ni leya mpya, yaani tabaka juu ya picha, iliyowekwa kwenye hali ya rangi ili ibadilishe rangi bila kugusa mwanga; nachukua rangi ya bega au kifua ambako hakujapakwa kitu, kisha naipaka kidogokidogo kuanzia chini ya taya kupanda kwenye mashavu mpaka uso na shingo viwe vya mtu mmoja. Narudisha uso kwenye rangi ya shingo. Siipandishi shingo ifuate poda. Kwenye mstari wa taya, mausi huacha alama hata kwa fundi mwenye uzoefu, labda apite mara nyingi mno. Kalamu hupita mara mbili au tatu, imekwisha.

Niseme wazi ninavyoamini, kwa sababu chombo chenye nguvu kinaweza kutumika vibaya. Mtu asichubuliwe kwenye picha. Wapo wateja watakaoomba, na zipo programu za simu zinazofanya hivyo bila kuombwa: zinafuta vinyweleo, zinapausha rangi, zinakondesha pua. Picha ya harusi itatazamwa na watoto na wajukuu. Bibi yao astahili kuonekana alivyokuwa siku ile, amependeza, kwa rangi yake. Ninaipenda kalamu kwa sababu inaruhusu kurekebisha kidogo pale panapohitaji na kuiacha ngozi iliyobaki na vinyweleo vyake. Mwenye haraka na mausi hushawishika kulainisha uso wote kwa mkupuo mmoja.

Shela, piko na nywele

Tangu Oktoba 2021 Lightroom, programu ya kuhariri picha, inaweza kumtambua mtu au anga na kutengeneza maski yenyewe, yaani kuitenga sehemu hiyo ihaririwe peke yake, na programu mwenzake Photoshop nayo ina uwezo huo. Hili limepunguza sana kazi iliyokuwa ikiisumbua mausi. Kumtenga bwana harusi mwenye suti ya bluu mbele ya ukuta mweupe ni kubofya mara moja, na hapo kalamu haina cha kukuongezea.

Shela ni habari nyingine. Ni kitambaa unachokiona na wakati huohuo unaona kilicho nyuma yake. Maski ya kompyuta hutaka kuamua hiki ni mtu na hiki si mtu, na kwenye shela mara nyingi inang'ang'ania nusu ya kitambaa na kuiacha nusu nyingine, ikaacha mashimo kwenye lesi. Kinachotakiwa ni maski iliyojaa karibu na kichwa na kupungua taratibu kuelekea pindo. Kwa kalamu unaipaka kwa mkono mwepesi ukifuata mikunjo ya kitambaa. Kwa mausi utafika, lakini utakuwa ukibadilisha kiwango cha brashi kila baada ya mpigo, na kila ukibadilisha unapoteza ulichokuwa umekishika machoni.

Nywele za afro zilizoachiwa na vile vinywele vidogo vya kwenye paji vinataka mpigo unaoanza mnene na kuishia mwembamba kama ncha ya sindano. Kalamu inautoa kwa mpigo mmoja wa haraka. Kwenye piko kazi ni ndogo zaidi, kuongeza weusi mahali ulipofifia kwenye vidole, ila mistari yake ni myembamba na imepinda, na mausi ikitetemeka hata kidogo ua zima linaonekana limechorwa upya.

Pale mausi inapoongoza

Kuchambua picha hakuhitaji kalamu kabisa, na mara nyingi hakuhitaji hata mausi. Vitufe vya mishale na vya namba vinatosha. Kwenye slaida za mwanga, kivuli na rangi, mausi hukaa pale ulipoiweka. Kalamu ina tabia ya kusogea kidogo wakati unainua mkono, ukakuta ulichoweka 15 kimekuwa 17. Kubofya mara mbili kwa kalamu pia kunasumbua, maana ncha haigusi mahali palepale mara zote mbili. Ndiyo maana hata mafundi wa kalamu huishia kuandika namba kwa kibodi.

Picha za pasipoti, vitambulisho na fomu za shule, ambazo ndizo zinazolipa kodi ya studio nyingi za mitaani, ni kazi ya mausi. Kata kwa kipimo, badilisha rangi ya nyuma, panga nakala kwenye karatasi, chapa. Vivyo hivyo picha za bidhaa za dukani, chupa, viatu, simu. Ile zana ya Photoshop yenye alama ya ncha ya kalamu ya wino, inayokata kwa nukta na mikunjo, jina lake linaweza kukudanganya ukadhani inataka tableti. Inataka nukta zilizotulia, na mausi hutulia kuliko mkono ulioshika kalamu.

Ukitaka kuhariri kwenye daladala au kwenye benchi ukisubiri sherehe ianze, mausi ndogo ya bila waya inatoshwa na nafasi ya kiganja. Tableti hata ikiwa ndogo inadai meza. Kwa upande wa umeme hazipishani sana, kwa sababu tableti ya waya inakula umeme wa laptop kupitia USB, na umeme wa nyumba ukikatika unaendelea mpaka betri ya laptop iishe.

Kabla hujatoa pesa, ifundishe mausi yako

Kuna mafundi wazuri ambao hawajawahi kushika kalamu, na kazi zao haziwaangushi. Siri yao ni kupunguza mtiririko wa brashi, yaani kiasi cha rangi inachotoa, mpaka asilimia 5 au hata 3, na kupita juu ya sehemu mara nyingi, rangi ikijijenga taratibu. Brashi iwe laini ukingoni. Mkono wa kushoto unabaki kwenye kibodi: vitufe vya mabano ya mraba kuongeza na kupunguza ukubwa wa brashi, vitufe vya namba kubadilisha kiwango chake, Alt kuchukua sampuli ya ngozi. Kwa mstari mnyoofu, bofya mwanzo, shikilia Shift, bofya mwisho. Na kama mistari yako inatetemeka, kwenye upau wa brashi wa Photoshop kuna mpangilio wa kulainisha mpigo; upandishe kidogo.

Ukifanya hivyo kwa dhati utapata kitu kama robo tatu ya kile kalamu inachotoa, kwa muda mrefu zaidi. Mwenye picha tatu za kupaka kwa mwezi hana haja ya zaidi ya hapo. Mwenye picha 30 kwa wiki atahisi tofauti kwenye bega.

Na bega ni jambo la kweli. Mausi huulaza mkono kiganja chini na kidole kimoja kikibonya kwa saa nyingi, wakati kalamu inauweka mkono kama unapoandika. Wengi hupumua wakihamia kalamu. Hata hivyo anayeibana kalamu kwa nguvu naye ataumwa, safari hii kwenye kidole gumba. Kubadilishana vyombo viwili kwa siku ndiko kunakosaidia kuliko kushikilia kimoja. Ganzi ikiingia vidoleni na kudumu, hospitali, si duka la kompyuta.

Ukubwa na zile namba za kwenye boksi

Watengenezaji wanashindana kwa ngazi za mgandamizo, yaani viwango vya uzito wa mkono ambavyo kalamu inaweza kuvitofautisha: 2,048, 4,096, 8,192, sasa hata 16,384. Kwa picha, usiilipie tofauti hiyo. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na mkono wa binadamu hauwezi kutofautisha maelfu ya uzito. Kilicho na maana ni kalamu inaanza kusoma kwa mguso mwepesi kiasi gani. Ukilazimika kukandamiza ndipo ianze kupaka, ule ukungu wa mwanzo niliousema kwenye ngozi huupati, hata ngazi ziwe ngapi.

Ukubwa ndio unaostahili hesabu. Tableti ndogo za Wacom, kama One by Wacom, zina eneo la kuchorea la milimita 152 kwa 95. Ukiitumia na laptop ya inchi 15.6, kila milimita ya mkono ni karibu milimita 2.3 kwenye kioo, na hapo kazi inakwenda vizuri. Ukiichomeka kwenye skrini ya inchi 24, milimita moja inakuwa 3.5, na kufuata mpaka wa mdomo kunakuwa kazi ya kubana pumzi. Mwenye skrini kubwa achukue ya wastani, yenye upana wa milimita 220 hivi. Mwenye laptop asijilaumu kwa kununua ndogo. Ndiyo inayomfaa, na inaingia kwenye mkoba wa laptop.

Ukishaichomeka, weka draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa tableti) kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha ifanye tableti iwe na uwiano sawa na skrini. Usipofanya hivyo, duara unalochora mkononi litatokea limelala kama yai. Kwenye Windows, zima ile tabia ya kushikilia kalamu ikageuka kubofya kulia, inayokuja na kiduara kinachozunguka ncha. Inakatiza kila mpigo mfupi. Na kama Photoshop haisomi uzito wa mkono, mara nyingi sababu ni mpangilio wa Windows Ink, sehemu ya Windows inayoshughulikia kalamu, kwenye draiva. Jaribu kuuwasha kabla hujairudisha tableti dukani ukidhani ni mbovu.

Dukani na wiki za kwanza

Kwenye maduka ya mtandaoni ya nje, tableti ndogo za kuanzia za Huion, XP-Pen na Gaomon zimekuwa zikipatikana kwa kati ya dola 30 na 60, na Wacom ndogo huwa juu kidogo. Ongeza usafirishaji na ushuru. Ukinunua kwa mkono, fungua boksi palepale. Kalamu iwepo, na iwe ya tableti hiyohiyo, kwa sababu kalamu ya modeli moja mara nyingi haisomeki kwenye nyingine, na kuagiza nyingine peke yake ni sehemu kubwa ya bei ya tableti nzima. Ncha za akiba ziwepo, maana ncha hulika. Ikishachongoka upande mmoja ibadilishe, vinginevyo itachora mikwaruzo ubaoni. Angalia draiva inakubali toleo la Windows au macOS ulilonalo. Ukiwa wa mkono wa kushoto, hakikisha inaweza kugeuzwa, vitufe vije upande wako.

Siku za mwanzo kalamu itakuudhi. Macho yako kwenye skrini, mkono uko chini, na kishale kinaruka mahali hukutegemea. Usiijaribie kwenye albamu ambayo mteja anaisubiri. Tafuta picha za zamani za ukoo, zile za nyeusi na nyeupe zilizokunjwa na kupasuka kona, ziskani, uzifutie vumbi na mikwaruzo kwa brashi ya kuponya, ile inayoziba doa kwa kufuata sehemu ya jirani. Ni mazoezi mazuri kuliko yote: mipigo mifupi mamia kwa mamia, hakuna mteja anayepiga simu, na ukikosea unarudi nyuma. Wakati huo endelea kuchambua na kuvuta slaida kwa mausi kama kawaida. Ukifika mahali unagusa doa mara ya kwanza bila kulitafuta, chukua picha ya bibi harusi na uanze na taya.